Mkaguzi wa Lebo na Dawa ya Mafua ya Dada Yake

Habari ya kifo cha rafiki yangu mkaguzi ilinifikia asubuhi ya Jumamosi kwa sauti ya binti yake kwenye simu, fupi na iliyopangwa vizuri, kama alivyolelewa: baba amefariki alfajiri hospitalini, ni moyo, maziko ni baada ya sala ya adhuhuri, tafadhali niwaarifu wanaomjua. Nikawaarifu. Ilikuwa mwisho wa Agosti, mwezi ambao Maskati hakuna anayefikiria mafua isipokuwa yale ya kiyoyozi. Nakumbuka nimesimama makaburini, jasho linanitiririka mpaka ndani ya viatu, nikafikiri kwamba mtu huyu, ambaye jina lake mitaani kwetu lilikuwa limefungamana na msimu wa baridi, amechagua siku ya joto kali kuondoka. Hakuchagua, bila shaka. Angekuwapo angenisahihisha.

Siku ya tatu ya matanga, nyumbani kwake Ansab, mzee mmoja niliyekaa naye bega kwa bega aliniinamia akaniuliza kwa sauti ya chini kama mwaka huu dawa itakuwapo. Nikamwambia sijui. Akamwombea marehemu rehema na nafasi njema, akanywa kahawa yake, akaniuliza tena. Nisimfiche msomaji, niliudhika. Lakini mzee yule hakuwa mtu mbaya, alikuwa na kifua tu, na kila mwaka tangu miaka kadhaa alikuwa akipita msimu wa baridi na chupa moja ya dawa ile mezani. Kwa hiyo leo niieleze dawa yenyewe na mwenye kuiandikia lebo, kwa sababu niliahidi kwamba atakapokufa nitaandika jambo fulani hapa. Nimekaa na ahadi hiyo wiki sita, na si kwa uvivu.

Tulijuana kwa ugomvi. Miaka kama kumi na miwili iliyopita niliandika katika safu hii sentensi moja ya kupita njia, kwamba asali na limau kila asubuhi huzuia mafua. Siku ya pili nikapigiwa simu na nambari nisiyoijua. Sauti ya upole ikaniuliza kama ndiye mimi, ikaniuliza hali, ikawauliza na wa nyumbani, kisha ikasema nimeandika "huzuia", nimejuaje? Nikasema kila mtu anajua. Akasema kila mtu ndiye hasa aliyekuwa akimletea karatasi ofisini. Nikamwambia mama yangu alikuwa akitunywesha utoto wetu wote na hatukupata mafua. Akauliza, hata mara moja? Nikakumbuka kwamba tulikuwa tukipata, tena sana, na kwamba kaka yangu alikuwa na jina la utani kwa sababu ya pua yake. Akanishauri niandike "hupendeza". Wiki iliyofuata, kwa kisirani, nilichapisha masahihisho mafupi nikitegemea ataona haya kwa udogo wa jambo lenyewe. Alipiga simu kushukuru, akanionesha kosa la pili, lililokuwa ndani ya masahihisho.

Kazi yake kwa miaka zaidi ya thelathini ilikuwa kusoma lebo. Alianza zama ambazo mizigo ilikuwa bado ikishushwa Bandari ya Sultan Qaboos, kabla hapo hapajaachiwa meli za watalii, na alistaafu akiwa katika ofisi ya serikali yenye zulia na mashine ya kahawa asiyoitumia. Wenzake wa maabara walipima kilichomo ndani ya chupa. Yeye alisoma kilichoandikwa nje, na alikuwa na kalamu nyekundu. Kisa alichopenda kunisimulia, ingawa alikisimulia kama mtu anayesoma saa za basi, ni cha mfanyabiashara mmoja aliyeleta sharubati ya mafua yenye picha ya mlima wa theluji na ukoo mzima unacheka. Lebo ilisema sharubati ile huzuia mafua yote ya majira ya baridi. Akamuuliza, yote? Hata ya mwakani? Mfanyabiashara akakubali "yote" ikatwe. Akamuuliza imemzuilia nani. Bwana yule akafikiri, akasema mke wangu, na kwa kuwa alikuwa mkweli akapiga simu hapo hapo ili mke atoe ushahidi. Mke akapokea, na pua imeziba kiasi kwamba ofisi nzima ilisikia. Bwana yule akaomba kalamu akaikata "huzuia" kwa mkono wake mwenyewe. Ikabaki "mafua ya majira ya baridi", ambayo ilionekana haimpi mtu sababu ya kununua kitu. Mwisho wake ikapita kama sharubati yenye ladha ya chungwa, ikauzika vizuri, na kila Idi mfanyabiashara alikuwa akija kumpa mkono.

Nimekuwa nikifikiri tangu alipotutoka kwamba watu kama yeye tumewaacha wastaafu na hatukuwaza nani atakaa kwenye kiti. Wasomaji wangu wa Unguja watacheka, lakini Maskati ina baridi. Ikifika Disemba tunatoa majaketi sandukuni, tunajifunga skafu tukienda kula mishikaki ya pwani ya Sib, na kila ofisi ina mtu mmoja mwenye sanduku la karatasi laini na watu wanane wenye dawa yake. Kuna vidonge vinavyochemka kwenye maji, kuna mafuta ya mkaratusi, kuna maji ya ubani, kuna kitunguu thomu kibichi ambacho mimi mwenyewe nilitafuna majira mazima mpaka barazani nikawa nakaa upande wangu peke yangu. Kila mwaka nilipata mafua, na kila mwaka nilishukuru dawa niliyokuwa nikiitumia siku yalipoondoka. Zamani maneno ya dawa yalikuja kwa meli na yalipita mbele ya mtu mmoja mwenye kalamu. Sasa yanakuja kwa simu, kwa sauti ya daktari asiye na jina, na mwisho unaambiwa uwatumie kumi unaowapenda. Marehemu alikuwa akipokea sauti hizo kwa wingi kwa sababu ndugu zake walimpenda. Alizijibu zote kwa swali lile lile, umejuaje, na baada ya muda akaanza kutolewa katika makundi ya simu.

Na mtu huyo, katika watu wote, alikuwa na dada anayetengeneza dawa ya mafua. Dada mkubwa, amempita kwa miaka tisa, mjane, anaishi Sib na wajukuu. Alijifunza kwa mama yao Unguja kabla hawajahamia huku: karafuu, tangawizi, habasoda, asali na limau. Alipofika Omani akaongeza maji ya ubani wa Dhofar uliolazwa majini usiku kucha, na akaamini kwamba ndipo dawa ilipokamilika, kama kwamba nusu yake ilikuwa ikingoja huku. Anaitia katika chupa za maji ya mawaridi anazokusanya mwaka mzima, na harufu ya mawaridi haitoki, kwa hiyo unakunywa na harufu ya harusi ndani yake. Haiuzi. Anagawa kwa jamaa na majirani, na jamaa wa majirani, mpaka chupa zake zimefika mahali ambapo yeye hajafika. Mdogo wake hakumkataza, kwa sababu hakuna aliyewahi kumkataza bibi yule jambo. Alishikilia sharti moja tu: hakuna chupa itakayotoka mlangoni bila ya lebo, na lebo ataiandika yeye. Dada akafurahi. Akadhani sasa dawa yake itapata cheo. Lebo ilipokuja ilitaja vilivyomo, ikataja kwamba mwenye sukari ajihadhari na asali, kisha ikasema: "Haizuii mafua. Haiponyi mafua." Dada alimtaka aongeze japo neno moja zuri. Baada ya majadiliano ya siku mbili alikubali kuongeza "Tikisa kabla ya kutumia". Matokeo yake ni kwamba watu waliiamini dawa kuliko mwanzo. Walisema mwongo hawezi kuandika vile, na kwamba dawa isiyojisifu ndiyo dawa. Nilimpa habari hiyo mimi mwenyewe, akatoa kalamu nyekundu, akaisoma lebo yake upya, asione cha kukata.

Kisha, miaka saba iliyopita, mwezi wa Januari, dada alishikwa na homa ya mafua yenyewe, ile kubwa, si ya kupiga chafya. Ikashuka kifuani ikawa kichomi. Alilala hospitali siku kumi na moja, siku nne kati ya hizo na oksijeni usoni, na mdogo wake alikaa kwenye kiti cha plastiki kando ya kitanda akisoma maandishi ya kila mfuko wa dripu uliotundikwa. Daktari alipomuuliza mgonjwa kama alichanjwa sindano ya msimu, akatikisa kichwa. Kumbe hakuwahi kuchanjwa hata mara moja, wakati kituo cha afya kiko hatua chache kutoka kwake na wazee hawangojeshwi. Alipoweza kusema alieleza sababu, na sababu ile ingeweza kutoka kwa bibi yule tu. Alisema yeye ndiye mwenye dawa. Watu wakimwona kituoni amekunja mkono wa baibui ili achomwe sindano ya mafua, watasema nini juu ya chupa zake? Waliofungua chupa jana watazimwaga leo. Hakuogopa sindano. Aliona haya, na kwa haya hiyo alikuwa tayari kufa, ingawa yeye hakuliweka hivyo. Daktari alimwambia mdogo wake pembeni kwamba kwa kifua kile, mara ya pili huenda asitoke.

Asubuhi moja baada ya hapo alikuja kwangu bila ya kupiga simu, jambo asilolifanya. Hakunywa kahawa. Akaweka mezani lebo tupu.

"Nnataka uniandikie uwongo," akasema. "Mimi siuwezi."

Nikamwambia amenitukana. Akasema hakukusudia, ila mimi ni mwandishi, nimeshazoea. Kisha akanieleza mpango wake. Dada hatochanjwa kwa kuambiwa na daktari wala na mdogo wake, maana wote wawili wameshamwambia na amewaombea dua tu. Lakini ikiwa sindano ni sehemu ya dawa yake mwenyewe, ikiwa ndiyo masharti ya chupa, basi kuchanjwa hakutokuwa kuikana dawa, kutakuwa kuitii. Tulikaa saa nzima. Rasimu yangu ya kwanza ilikuwa na "hakika" mbili na "kwa uwezo wa Mola" moja, akazikata zote. Hata uwongo aliutaka mfupi. Mwisho tukafika hapa: "Dawa hii humfanyia kazi aliyechanjwa sindano ya homa ya mafua ya mwaka huu. Asiyechanjwa haimfai." Nikamtuliza kwa kumwambia kwamba sentensi ya pili ni kweli tupu. Akasema ndiyo, na ya kwanza je? Nikasema basi tumesema kweli nusu. Alivua miwani akaifuta muda mrefu kuliko ilivyochafuka.

"Nilikuwa nikizikata sentensi kama hizi kila siku," akasema. "Wenyewe wote walikuwa na sababu nzuri. Hakuna aliyewahi kuja ofisini kwangu na sababu mbaya."

Nikamuuliza kama tuache. Akasema hapana, piga chapa. Lakini alinitaka ahadi. Akitangulia dada yake, ataisahihisha mwenyewe siku hiyo hiyo, chupa kwa chupa. Akitangulia yeye, nitaisahihisha mimi katika safu hii, katikati ya ukurasa, si pembeni kwa herufi ndogo. Nikamkumbusha kwamba siku hiyo dada atakuwa hai na huenda akaacha kuchanjwa. Akajibu kwamba kwa hiyo nimwendee kwanza, uso kwa uso, asije akasoma gazetini. Nikaahidi haraka, kama mtu anavyoahidi jambo la mbali, kwa sababu alikuwa na afya na alitembea kila siku kuliko mimi.

Lebo ile ilifanya kazi kuliko lebo yoyote aliyoipitisha maishani mwake. Watu walikwenda kuchanjwa kwa ajili ya chupa. Walifika mlangoni kwa bibi wamekunja mikono kuonesha plasta, wengine wamekuja na karatasi ya kituo, na mmoja alitaka kuvua shati barazani, akazuiwa. Na wote, baada ya kupokea chupa, walimuuliza bibi kwa heshima kama yeye ameshachanjwa. Mara ya kwanza alijibu bado. Mara ya kumi akaona dawa yake mwenyewe inamsuta. Akavaa baibui akaenda, akarudi akitangaza kwamba amekamilisha masharti, na tangu siku hiyo kila Oktoba amekuwa wa kwanza kituoni. Hajalazwa tena. Waliochanjwa hawakuumwa sana, wakaisifu dawa, na jina la chupa likafika mpaka Nizwa. Marehemu hakupata raha hata msimu mmoja. Kila mwaka nilimletea karatasi zilizochapwa, kila mwaka alizisoma kana kwamba ni mara ya kwanza, kalamu mkononi, kisha akairudisha kalamu mfukoni. Nilimwona mtu mzima ana aibu, nikamwonea huruma, na sikumwambia.

Basi amekufa yeye mbele, mdogo kabla ya mkubwa. Mwanzoni mwa Oktoba binti yake alinipigia. Yeye ni mtu mzima, mwalimu wa hesabu, na ananiita ami ingawa hatuna damu. Alisema shangazi yake ameshaanza kukusanya chupa na anataka lebo, je, ni zile zile? Baba yake alikuwa amemwambia kila kitu hospitalini. Nikamwambia tungoje kidogo. Ukweli ni kwamba nilikuwa nimeshajipangia kutotimiza ahadi. Nilikuwa na hoja nzuri kabisa: maiti hadhuriki na uwongo, bibi hai ananufaika nao, na gazeti lina mambo mengine. Nikamweleza binti hoja zangu kwa simu, kwa ufasaha. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema baba yake alikwisha kumwambia kwamba nitakuwa na sababu nzuri. Jumanne akanipitia kwa gari tukaenda Sib.

Tulimkuta bibi kwenye baraza ya ndani anamenya tangawizi, sinia mapajani, chupa zimepangwa ukutani. Nikamsalimu, tukamzungumza marehemu kidogo, nikamweleza jambo lote tangu mwanzo. Hakunikatiza. Nilipomaliza akataka nimsomee lebo ya mwaka jana, maana macho hayamsaidii tena. Nikamsomea.

"Hiyo ya kwanza ndiyo uwongo?"

"Ndiyo, Bi Mkubwa."

"Na zile za nyuma, haizuii, haiponyi, ndizo za kweli?"

Nikasema ndiyo. Akaendelea kumenya. Kisha akasema kwamba alimwomba mdogo wake miaka mingi amwandikie neno moja zuri juu ya chupa, naye akakataa, na yeye bibi akadhani anamwonea haya mbele ya watu wa ofisi. Kumbe alipoliandika, aliliandika ili yeye asife. Alilia bila ya kuacha kumenya. Nami nililia, na sioni sababu ya kulificha hilo.

Binti akauliza, na sindano ya mwaka huu, shangazi? Bibi akasema mwaka huu hatokwenda. Aliyekuwa akisumbuka juu yake ameshakwenda, masharti kumbe hayakuwapo, na mkono huwa unamuuma siku mbili. Alilisema bila ya hasira, kama mtu anayefunga duka. Hapo ndipo nilipotambua kwamba nimetimiza ahadi na huenda nimemuua. Nikaanza kusema. Nilimkumbusha daktari, nikamkumbusha oksijeni, nikamweleza kwamba sindano haizuii kila mafua lakini hupunguza khatari ya ile homa kubwa, nikapanga sentensi moja juu ya nyingine. Bibi alitikisa kichwa kwa adabu, kama anavyowatikisia wote. Nimeishi kwa kushawishi watu kwa maandishi tangu ujana, na mbele ya sinia la tangawizi sikuwa na kitu.

Mwisho binti alimkamata shangazi yake mkono wenye kisu, akauweka chini.

"Shangazi, mie naogopa," akasema. "Baba alikuwa akiogopa, akashindwa kukwambia. Mie nakwambia. Sitaki kukuzika wewe pia mwaka huu."

Bibi akamuuliza, baba yako alikuwa akiogopa? Akaambiwa ndiyo, tangu siku zile za hospitali, kila msimu. Bibi akasema hakuwahi kumwambia. Alimletea madaktari, alimletea vitabu vya picha, alimletea lebo, lakini neno hilo hakumwambia hata siku moja. Akafuta mikono kwenye kanga yake, akauliza kituo kinafungwa saa ngapi.

Tulikwenda sote watatu asubuhi ile ile. Nesi, msichana wa Kiomani mwenye haraka, alimuuliza kwa Kiarabu kama ana maradhi yoyote sugu. Bibi akajibu kwamba ana kifua, na ana mtoto wa mdogo wake anayeogopa. Nesi akaandika la kwanza. Mimi pia nikachanjwa, kwa kuwa nilikuwa nimesimama hapo na sikuwa na hoja.

Kwa hiyo nasahihisha, katikati ya ukurasa kama nilivyotakiwa. Dawa ya chupa ya mawaridi mnayoijua haizuii mafua wala haiponyi, kwa aliyechanjwa na kwa asiyechanjwa. Ni tamu, inapasha moto kifua, na bibi anaendelea kuigawa. Sentensi iliyokuwa juu yake kwa misimu saba ilikuwa uwongo, niliitunga mimi na aliipitisha yeye, huku maisha yake yote ya ukaguzi yakimsuta. Sindano ya msimu ni kitu kingine, na inafanya kazi yake bila ya chupa. Mzee mwenye kifua aliyeniuliza matangani, kama anasoma, aende kituoni.

Nilidhani nitamaliza kwa kusifu ukweli, maana aliyekufa aliutumikia. Lakini tulikuwa wanaume wawili wazima, mmoja mjuzi wa kukata maneno na mmoja wa kuyaunganisha, tukakaa saa nzima kutunga hila kwa sababu tuliona haya kumwambia mwanamke mmoja kwamba tunaogopa atakufa. Lilikuwa jambo la kweli kuliko yote tuliyoyajua, halikuhitaji ushahidi, na hakuna kalamu ambayo ingelikata. Kama nawe una mzee nyumbani anayekataa kuchanjwa, usimtafutie maneno ya werevu. Mwambie unaogopa.